Kwa Baiskeli Kwenda Kuonja Maji ya Kondoa

Ukitaka kujua mtu amekaa Dodoma muda gani, funua birika lake uchungulie ndani. La kwangu lilikuwa na miaka mitano, na chini yake kulikuwa na magamba meupe, magumu kama chokaa. Nikiyatoa kwa ndimu, baada ya mwezi yanarudi. Magamba hayo ndiyo yaliyonipeleka Kondoa kwa baiskeli.

Ofisini tuna mwenzetu Mrangi. Kila saa nne chai ikimiminwa, yeye hunywa funda moja, huweka kikombe mezani na kukunja uso. "Nyie mnakunywa chumvi mnaita maji. Njooni kwetu muonje." Kwao Kondoa, kwa maelezo yake, chemchemi iko pale pale mjini, maji yanatoka yenyewe ardhini, matamu, masika na kiangazi. Wimbo huo tumeusikia miaka mitatu. Siku moja mwezi Juni 2023 nikamjibu kwamba nitakwenda kuyaonja, tena kwa baiskeli. Hiyo baiskeli sijui ilitokea wapi mdomoni mwangu. Ofisi nzima ilicheka, mhasibu akazungushia tarehe kwenye kalenda ya ukutani, na mdomo ukawa umeshaponza kichwa.

Dodoma hadi Kondoa ni kama kilomita 160, lami mwanzo mwisho. Ni kipande cha ile barabara ya kilomita 251 kwenda Babati iliyozinduliwa 2018, ambayo nayo ni kipande cha njia ambayo watu wa zamani waliiota kutoka Cape Town hadi Cairo. Mimi baiskeli nilikuwa naipanda kutoka nyumbani, mtaa wa Kisasa, hadi mjini na kurudi, basi. Sabasaba mwaka ule iliangukia Ijumaa, nikapata siku tatu: Ijumaa kwenda na kulala Chemba, Jumamosi kuingia Kondoa, Jumapili kurudi. Na nashukuru kwamba sikuondoka Jumamosi. Jumamosi ni mnada wa Msalato, na mtu anayepita Msalato siku ya mnada, moshi wa nyama choma ukiwa umetanda barabarani, safari yake huishia Msalato.

Nilikuwa na baiskeli mbili za kuchagua. Moja ya jirani, ya mtumba, nyepesi, yenye gia zake nyingi na breki za kung'ata. Nyingine Phoenix yangu, chuma kitupu, gia moja, keria pana nyuma. Nilikuwa nimeshaamua ya jirani. Fundi wangu pale Majengo aliiangalia, akazungusha pedeli kwa kidole, akaniuliza swali moja tu: "Gia ikifa Chemba, kaka, utainunua kwa nani?" Phoenix spoku zake, gololi zake, hata ekseli, utazipata kwenye duka lolote la kijijini, zimetundikwa karibu na sabuni na betri. Akanibadilishia spoku nne, akapaka grisi, akanifungia tairi jipya la nyuma, la mbele akaliacha. Hili la mbele tutakutana nalo.

Niliondoka saa kumi na moja alfajiri. Watu wa Pwani wanaodhani Dodoma ni joto tu waje mwezi wa saba saa hizo. Nilivaa masweta mawili na soksi mikononi. Miyuji, Msalato, Veyula, yote nilipita gizani. Kulipoanza kupambazuka nilikuwa Makutupora, mashamba ya zabibu kulia na kushoto, vichala bado vidogo na vikali kama ukwaju. Upande huu ndiko kuliko na visima virefu vya Mzakwe, vinavyonywesha Dodoma tangu mji ukiwa mdogo. Nikapiga kengele ya baiskeli mara mbili kusalimia kwao magamba yangu.

Mayamaya, kilomita 44, nilifika saa mbili. Nilijisikia kijana. Nilikunywa chai na chapati mbili, nikawasalimia wazee wawili wa Kigogo waliokaa kwenye benchi, "Mbukwenyi," wakaitikia "Mbukwa," na mmoja akaniuliza nakwenda wapi. Nilipomwambia hakucheka. Alitazama juu ya mti, namna majani yanavyoelekea, akasema, "Kwenda utakwenda." Nilidhani ni baraka. Upepo wa mgongoni hauna sauti. Unadhani ni miguu yako.

Nilikuwa na lita sita za maji: chupa mbili za lita moja na nusu, na kidumu cha njano cha lita tatu kwenye keria. Kwa hesabu zangu za nyumbani zilitosha hadi Chemba na kubaki.

Mbele ya Mayamaya, kwenye saa tatu na nusu, semi lilinipigia honi kutoka nyuma wakati lingine linakuja mbele. Hapo hakuna majadiliano, unashuka lami. Nikashuka kwenye majani makavu, yakapita, vumbi likatulia, nikarudi barabarani, na baada ya mita mia hivi usukani ukaanza kulegea. Mbigili. Asiyezijua ni kitunda kidogo kikavu, kikubwa kidogo kuliko punje ya mahindi, chenye miiba imara. Hata kikianguka vipi, lazima mwiba mmoja uangalie juu. Tairi la mbele, lile la zamani, nilihesabu saba. La nyuma zilikuwa mbili na hazikupenya.

Pampu nilikuwa nayo, solusheni, msasa, viraka. Kitu ambacho sikuwa nimekifikiria ni beseni. Mjini umeshaona fundi anavyofanya: anajaza tyubu upepo, anaizamisha kwenye maji machafu, mapovu yanamwonyesha tundu. Mimi nikachukua kifuniko cha hotpoti, nikamimina maji ya kunywa, nikaanza kuzamisha tyubu kipande kwa kipande. Kifuniko kina kina cha vidole viwili, tyubu inateleza, maji yanamwagika, namimina mengine. Nilipata tundu la kwanza. Nikamimina tena, nikapata la pili. Chupa nzima ikaisha, nikafungua ya pili.

Kijana mchunga mbuzi, miaka kumi na mbili hivi, alikuwa amesimama pembeni muda wote bila kusema kitu. Nilipoinamisha ile chupa ya pili alinyoosha mkono. "Lete, mjomba." Akaijaza tyubu upepo, akalowesha midomo kwa ulimi, akaipitisha tyubu taratibu mbele ya mdomo, karibu kabisa, kama mtu anayepiga filimbi asiyetaka isikike. Akasimama. "Hapa." Nikaweka mate, mapovu yakatoka. Akaendelea: "Na hapa." Matundu matatu yaliyobaki aliyapata kabla sijamaliza kukwangua la kwanza kwa msasa. Midomo yenye unyevu inasikia upepo ambao macho hayauoni. Nilimpa biskuti na sweta moja, maana jua lilikuwa limeshakuwa kali na mimi sikulihitaji. Yeye jioni angelihitaji.

Lakini maji yalikuwa yamekwenda. Nilibaki na kidumu na chupa ambayo haikujaa, saa tano ya mchana, na zaidi ya kilomita 50 mbele yangu. Tangu siku hiyo sijasoma tena kibao cha kilomita kama nilivyokuwa nakisoma. Kibao kinasema 50. Hakisemi kama kati ya hapo kuna duka, bomba, kisima, au pori la migunga na wewe. Ukiwauliza wenyeji wa huku umbali watakwambia "si mbali" mpaka uchoke. Uliza maji. "Maji yako wapi mbele?" Hapo watakujibu kwa usahihi wa mpima ardhi: ukipita mbuyu mkubwa, korongo la pili, upande wa kushoto, si la kwanza, la kwanza limekauka.

Korongo hilo la pili nililifikia saa saba, jua la utosini. Lilikuwa mchanga mweupe, upana kama uwanja wa mpira, halina tone. Kwa mgeni huo ni mto uliokufa. Katikati kulikuwa na bibi, mjukuu wake, punda mmoja na madumu manne. Walikuwa wamechimba shimo kwenye mchanga, limezungushiwa matawi ya miiba ili mbuzi wasiingie, na bibi yuko ndani, kichwa tu kinaonekana.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umetoka wapi na baiskeli?"

"Mjini."

"Mjini hakuna magari?"

Niliomba maji, nikaongeza kwamba nitalipa. Neno lile la kulipa halikumpendeza, nililiona usoni. Hakunikataza wala hakuniruhusu. Alitoka shimoni, akanipa kata ya kibuyu. Nikaelewa. Nikashuka mimi. Chini kabisa kulikuwa na dimbwi la ukubwa wa sahani, rangi ya chai ya maziwa. Nikazamisha kata kwa pupa. "Usikoroge!" Nikaacha. "Ondoa hayo mwage. Subiri." Nikamwaga, nikasubiri. Maji yanajaa yakitokea kwenye mchanga wa ubavuni, polepole, huoni yanapotoka, unaona tu dimbwi limekuwa jeupe. Ukichota kwa kukwangua juu juu, na mkono umeulegeza, kata inatoka na maji safi. Ukiwa na haraka, unachota matope. Kwa kata moja nadhani nilikuwa natumia dakika mbili. Nilijaza madumu mawili ya bibi, ya lita ishirini ishirini, huku mjukuu akinicheka, kisha bibi akasema, "Sasa yako."

Yalikuwa ya baridi. Hayakuwa na chumvi. Niseme ukweli, nilihisi aibu kidogo, kwa sababu nilikuwa safarini kwenda mbali kuonja maji matamu, na haya yalikuwa chini ya mchanga ambao ningeupita juu ya daraja bila kugeuza shingo. Nilipumzika kivulini mpaka saa tisa kwa amri ya bibi ("jua hili ni la ng'ombe?" ndivyo alivyoniuliza, na hata ng'ombe walikuwa wamelala). Nikapewa ugali wa uwele na mlenda. Wanaoubeza mlenda hawajawahi kuula wakiwa na koo lililokauka.

Chemba niliingia giza likishaingia. Nyumba ya kulala wageni, kitanda kizuri, na ndoo ya kuogea ikiwa nusu. Dada wa mapokezi aliniangalia nilivyojaa vumbi, akafikiri, akaniongezea kopo moja. Siku nyingine ningenung'unika. Usiku ule nilioga kwa kopo sita, nikahesabu, na likabaki la kunawia asubuhi.

Jumamosi sina mengi ya kusema. Kama kilomita 40, nyingi kupanda, maana Kondoa iko juu kuliko Dodoma, na Phoenix haina gia ya kukuonea huruma. Nilisukuma zaidi ya nilivyopanda. Saa tano na nusu nikawa mjini.

Baba yake yule mwenzetu alikuwa ananisubiri. Mwanawe alikuwa amempigia simu, na nadhani alikuwa amemwambia asiniruhusu kukaa chini kabla sijaonja, maana nilipomwamkia tu alichukua bakora yake tukaondoka. Njiani alinionyesha huku na huku, akanitajia vita ya Wajerumani na Waingereza, Mei 1916, walivyopigana hapo Kondoa. Historia ina sababu zake nyingi, ila mimi nikikumbuka lile pori nililolipita, maelfu ya askari na wanyama wa mizigo, sioni jeshi lingeiachaje Kondoa na kwenda kupiga kambi kwingine.

Chemchemi yenyewe haina mbwembwe. Nilikuwa nimejichorea maporomoko, sijui kwa nini. Ni maji yanayotoka ardhini kimya kimya, chini ya miti, mengi, na yanaendelea kutoka. Hilo la kuendelea ndilo lililonisimamisha. Nilikuwa nimetoka kuchota kata kwa dakika mbili; hapa wakati bibi yule anajaza kata moja, maji ya madumu yake yote manne yalikuwa yanajiendea zake. Mzee alinikingia kikombe cha bati.

Nikanywa. Akanitazama. "Enhe?"

Hayakuwa na ladha. Nikanywa tena nikitafuta huo utamu, nikatafuta nyuma ya ulimi, sikuona kitu. Ilinichukua kikombe cha tatu kuelewa kwamba ninachokitafuta ndicho hicho: miaka yangu mitano ya Dodoma nilikuwa nimeshazoea maji kuwa na kitu ndani yake, sasa hakimo. Nikamwambia mzee ni matamu sana. Akaitikia kama mtu anayeambiwa jua linachomoza mashariki.

Tulikaa pale mpaka alasiri. Alinisimulia milima ya Irangi ilivyokuwa alipokuwa kijana, vipara vitupu, makorongo mekundu yanayoweza kumeza nyumba, mvua ikinyesha udongo unashuka wote mabondeni. Mwaka 1973 ukaanza mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma; walichimba makingamaji na kupanda miti, lakini mifugo ilikuwa bado ipo. Mwaka 1979 ikaamriwa mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, wote. "Baba yangu alilia," alisema. "Mimi pia niliona ni uonevu. Mrangi bila ng'ombe anaolea nini?" Nyasi zikarudi, kisha vichaka, kisha miti. Bado hakusema kwamba serikali ilikuwa sahihi, na mimi sikumlazimisha. Alichosema ni kwamba mlima ukiwa na nywele, maji hayana haraka ya kushuka. Nikakumbuka "usikoroge, subiri" ya bibi wa korongo.

Alipojua naishi Dodoma alicheka kidogo. "Mtayanywa tu haya yetu." Alimaanisha Bwawa la Farkwa, lililokuwa likipangwa kujengwa kwenye mto Bubu huko wilaya ya Chemba ili kuipelekea Dodoma maji. Bubu huyo huyo, asipozuiwa, huenda kumalizikia kwenye mbuga za Bahi, ambako anageuka matope, mpunga na kambale.

Nilijaza kidumu changu cha lita tatu. Mpango ulikuwa kuyachemsha ofisini mbele ya mashahidi, kwenye birika lililosafishwa, siku thelathini, tuone kama yataacha magamba.

Sasa hesabu ya kurudi, ambayo mpaka leo mke wangu huitaja wageni wakija. Nilijiambia: kwenda nilipanda, kurudi ni mteremko, kwenda nilikuwa mgeni wa njia, kurudi ni mwenyeji. Nikitoka saa kumi usiku, jioni niko Kisasa, tena kwa siku moja. Kitu kimoja tu sikukiweka kwenye hesabu, kile alichokitazama mzee wa Mayamaya juu ya mti. Miezi hii upepo unatoka kusini-mashariki. Ulinisukuma siku mbili bila kujitambulisha. Jumapili kulipopambazuka ukajitambulisha.

Kwenye mteremko nilikuwa nakanyaga pedeli. Mteremko! Ukiacha kukanyaga, baiskeli inasimama. Niliinama mpaka kidevu kikawa juu ya usukani, nikafunga kitambaa kifuani kuzuia shati lisiwe tanga. Chemba nilipita mchana umeshaiva, magoti yakiwaka, na sikuwa na roho ya kuhesabu kilichobaki.

Mbele kidogo ya hapo nikakuta lori limeegeshwa pembeni, limesheheni magunia ya alizeti, boneti liko wazi, mvuke unatoka. Dereva amekaa kwenye jiwe, utingo amesimama na dumu tupu. Rejeta. Walikuwa wameshamimina maji yote waliyobeba, na bado kidogo ijae.

Dereva hakuniangalia mimi. Aliangalia keria.

"Kaka, hicho kidumu kina nini?"

Nilifikiria kumwambia ni mafuta ya taa. Kweli nilifikiria. Kisha nikasema ni maji ya Kondoa, ya chemchemi, nayapeleka Dodoma kwa kazi maalumu. Akanyanyuka. "Ya Kondoa?" Akaminya tone kwenye kiganja, akalamba, akamwangalia utingo kwa furaha kabisa. "Haya ndiyo ya rejeta. Ukiweka ya Dodoma miezi sita tu imejaa magamba ndani, mishipa inaziba." Akasema yatatosha, na kwamba nafasi juu ya magunia ipo, ya mimi na ya baiskeli.

Nilitazama kidumu. Nilitazama barabara, majani yote yameinama kuelekea nilikotoka.

Jumatatu saa nne birika la ofisi lilikuwa limesuguliwa linang'aa, mhasibu ameandaa kalenda, na Mrangi wetu amekaa kama bwana harusi.

"Maji yako wapi?"

"Yako kwenye rejeta ya lori la alizeti."

Nikaeleza yote. Ofisi ilicheka mpaka watu wa chumba cha pili wakaja. Yeye hakucheka. Alisubiri wamalize, akainama kidogo mbele.

"Na lilichemka tena?"

"Halikuchemka hadi Dodoma."

"Nilikwambia," akasema, akavuta kikombe chake.